Kishikwambi Namba Saba

Sheria ya kwanza ya darasa langu ni kwamba hakuna kufuta. Nusu saa ya mwanzo kifutio ni marufuku. Ukikosea pua, imekosewa, hamia kwenye sikio. Watoto wanaipenda sheria hii. Watu wazima inawatoa jasho. Muuguzi mmoja aliwahi kuniomba kwa sauti ya chini afute kidogo tu, pembeni, pasipoonekana, na mtoto wa miaka sita aliyekaa naye akamkazia macho: "Mama, sheria ni sheria." Naitaja mapema kwa sababu kosa langu nalo halifutiki, na sitaki mtu adhani nimekuja hapa kujisafisha.

Kazi yangu ni kuwachezesha watu kwa kuchora. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi, ukumbi wa juu wa maktaba: meza sita, vishikwambi kumi na viwili, projekta moja yenye feni inayokoroma, na watu ishirini na kitu, watoto kwa wazee, wawili wawili kwa kila kishikwambi. Tuna mchezo wa Mstari Mmoja, ambapo unachora paka mzima bila kuinua kalamu. Tuna Mnyama wa Wanne: mmoja anachora kichwa, anakificha, anampa jirani achore shingo, na kadhalika, mwisho tunamtupa mnyama huyo ukutani, ana kichwa cha bibi harusi na miguu ya meza. Nimeona mabwana wazima wenye vitambi vyao wakicheka mpaka wanashika mbavu. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nyumbani wananijua, lakini Jumamosi asubuhi nilikuwa mtu mwema.

Baba yangu alikuwa mchora vibao. Ukimwita msanii alikasirika. Mtaa wetu wote uliandikwa kwa mkono wake: kinyozi, duka la vioo, daktari wa meno, mpaka lile onyo la ukuta wa shule la kuwakataza watu kujisaidia hapo. Aliandika kwa brashi na rangi ya mafuta, juu ya ngazi ya mbao aliyoigongomea misumari mwenyewe. Alikuwa na fimbo ya kuegemeza mkono, yenye kichwa cha kitambaa, ambayo fundi huikaza ukutani kwa mkono mmoja ili kiganja cha pili kipumzike juu yake. Aliitumia kwa herufi ndogo ndogo tu. Kubwa alizipiga hewani. "Ukitaka kumjua fundi," alizoea kuniambia, "mwambie aandike O. Herufi nyingine zote zina pa kujishikia. O haina mlango."

Mimi binti yake wa pekee sikuwahi kushika brashi. Nilijifunza kuchora juu ya kioo cha kishikwambi, na Baba alinitania kwamba natia kidole kama anayeonja mchuzi wa watu. Nilimjibu kwamba mchuzi wangu haunichafui nguo. Tulikuwa tunapatana hivyo, kwa kuchokozana.

Kiharusi kilimkuta bafuni, asubuhi ya siku ya kazi. Maneno yalirudi baada ya wiki mbili. Mguu wa kulia ulirudi nusu, akawa anauburuta. Mkono wa kulia ulirudi ukitetemeka, na daktari akasema hapo ndipo ulipofika. Mama akaanza kumjazia kikombe cha chai nusu, bila kusema neno, na Baba akaanza kunywa vikombe viwili, bila kusema neno. Mchana alikaa dirishani akitazama vibao vyake vikipauka, kimoja kimoja vikishushwa na kuwekwa vya plastiki vilivyotoka kwenye mashine.

Nilimchukua darasani ili Mama apumue. Huo ndio ukweli, sikuwa na mpango wa kumponya mtu. Jumamosi ya kwanza tulicheza Mstari Mmoja, na mstari wa Baba ukatoka umekunjamana toka mwanzo mpaka mwisho. Watoto wakacheka. Walikuwa wanamcheka kila mtu, ndiyo kazi ya mchezo wenyewe, lakini Baba aliweka kalamu mezani polepole, akashusha mikono yote miwili chini ya meza, akakaa hivyo mpaka saa sita. Njiani aliniambia, "Mwanangu, mimi nimeandika mtaa mzima. Usinilete tena nichekwe na watoto wa chekechea."

Niliumia. Nilipandwa na hasira pia, na sikuwa na wa kumkasirikia, maana watoto hawakuwa na kosa na kiharusi hakina mlango wa kukigongea. Nikaukasirikia ule mstari. Na mstari nilikuwa na dawa yake.

Ndani ya programu tunayotumia kuna kitelezi kimoja kwenye mipangilio, kinaanzia sifuri mpaka mia. Kazi yake ni kulainisha. Mkono ukiyumba, programu inasubiri kidogo, inakisia ulikotaka kwenda, kisha inakuchorea hapo. Ukikiweka kumi huoni tofauti. Ukikiweka tisini, hata mwenye homa ya kutetemeka atapiga duara safi. Sisi walimu wa kazi hii tunakiita mkongojo, na wengi wetu tunautembelea. Wangu hukaa sitini tangu siku niliyoanza kazi. Ukiniuliza, nitakwambia ni kwa ajili ya haraka.

Ilinichukua siku nyingi kumshawishi arudi mara moja tu. Asubuhi hiyo, kabla watu hawajafika, nilifungua kishikwambi namba saba, kile chenye kona iliyopasuka, nikasukuma kitelezi mpaka tisini na tano. Nilichagua saba kwa sababu ya ile kona. Nisingekichanganya na vingine. Baba alipoketi nikamwekea mbele, akitumie peke yake.

"Mchagua jembe si mkulima," akasema. "Nipe chochote."

"Chukua hiki, Baba. Ni chepesi."

Alishika kalamu kama mtu anayeshika kisu cha mwenzake. Akavuta mstari. Mstari ukanyooka. Akautazama, akavuta wa pili, ukanyooka. Akainama kabisa, ulimi umetoka kidogo pembeni kama alivyokuwa akifanya juu ya ngazi, akazungusha O.

"Rangi inakuja nyuma yangu," alisema.

"Kishikwambi kizee, Baba. Kinafikiri polepole."

"Kumbe tuko wawili." Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu bafuni. Niliitupa O yake ukutani kwa projekta, kubwa kuliko mlango, na watoto wakapiga makofi bila kuambiwa. Nami nikaona nimefanya jambo la maana kuliko yote niliyowahi kufanya. Sisemi uongo hapo: nilijiona mwerevu, na nilifurahi.

Ikaenda hivyo miezi mitatu. Watoto walimwita Babu Herufi. Walipanga foleni awaandikie majina yao kwa maandishi ya vibao, yenye kivuli cha chini na mng'ao wa juu, nami nikawachapia kwenye karatasi waende nayo nyumbani. Mkuu wa maktaba alibandika moja mlangoni kwake. Baba akaanza kunyoa ndevu Ijumaa kwa ajili ya Jumamosi. Nyumbani kikombe kilikuwa kikitetemeka vilevile, na siku moja Mama alipomtazama, Baba akamjibu kabla hajaulizwa: "Mkono unajua kazi yake. Chai si kazi."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Nilikuwa nimekaa palepale, na mkate mkononi.

Mwenzake Baba mezani alikuwa msichana wa miaka tisa niliyemwita Bi Maswali, mjukuu wa fundi cherehani wa kona, rafiki wa Baba wa siku nyingi. Jina alilistahili. Jumamosi moja alinifuata nilipokuwa nakunja nyaya.

"Mwalimu, mbona saba inanyoosha yenyewe?"

"Nani kakwambia?"

"Babu Herufi alienda msalani, nikajaribu. Nilitikisa mkono makusudi. Kikachora sawa tu." Akanionyesha jinsi alivyotikisa. "Chetu hakifanyi hivyo."

Nilimvuta pembeni ya kabati. "Sikiliza. Hiyo ni siri ya mchezo. Usimwambie, utamharibia."

"Na yeye anajua kwamba tunacheza?"

Nilimwambia akakae. Kwa ukali, mpaka muuguzi akageuka. Bi Maswali akaenda kukaa, na hakuuliza tena, na mimi nikamshukuru Mungu kwa utulivu wake.

Jumatano iliyofuata fundi cherehani alikuja kwetu, kofia mkononi, na kile kikaratasi chenye jina la mjukuu wake kimekunjwa ndani ya daftari la vipimo. Kibao cha duka lake, USHONAJI, kilikuwa kimefutika na mvua mpaka watu wakadhani amefunga. Alikuwa ameshaulizia cha plastiki. "Lakini nimeona ulivyomwandikia mtoto jina," akamwambia Baba. "Nikasema, kumbe mzee mwenzangu amerudi kazini, na mimi nahangaika na mashine! Nitakuwa mtu wa ajabu."

"Utakuwa mpumbavu," Baba akamjibu, na wote wawili wakacheka, na Baba akaitikia kazi palepale. Jumamosi mchana, baada ya darasa. Ukuta ule ule, ngazi ile ile.

Mama alinikuta jikoni. Alifunga mlango kwa mgongo.

"Ulimfanyia nini kule maktaba?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, kama ninavyowaeleza wanafunzi, sifuri mpaka mia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie. Leo."

"Nitamwambia, Mama. Nitafute namna."

"Namna gani unayoitafuta? Mficha maradhi kifo humuumbua. Mtu wa miaka sitini na nane unampandisha ngazi kwa mkono wa kuazima?"

"Sikumpandisha mimi."

Mama akarudi kwenye masufuria yake, na kila alilolishika lilipiga kelele. Angeweza kumwambia yeye mwenyewe, na baadaye nilimuuliza kwa nini hakufanya hivyo. Aliniambia kwamba uongo ulikuwa wangu, na kwamba alidhani amezaa mtu.

Alhamisi jioni nilimkuta Baba uani, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anaosha brashi zake kwa mafuta ya taa. Zilikuwa zimekauka kama vijiti tangu alipougua. Alizilegeza moja moja kwa vidole vya kushoto, anapiga mluzi. Nilichuchumaa karibu yake.

"Baba, kile kishikwambi."

"Kina nini?"

"Si sawa na ukuta."

"Ukuta ni rahisi zaidi. Ukuta haufikiri polepole." Akaipangusa brashi kwenye suruali. "Unajua nilichokuwa nikiogopa pale dirishani? Si kufa. Niliogopa kwamba nitakaa pale miaka kumi, nipo, na kila anayepita ananipungia mkono. Sasa wewe umenirudisha. Sikukwambia asante, maana utavimba kichwa."

Fimbo yake ya kuegemeza ilikuwa imeegemea ukuta, kitambaa cha kichwani kimeliwa na panya. Nikaishika.

"Basi chukua na hii."

"Ya nini? Si umeona mwenyewe, O ukubwa wa mlango, na watoto wakapiga makofi?" Aliniondolea fimbo mkononi, akairudisha ukutani. "Hiyo nitaichukua nikizeeka."

Nikacheka. Hilo nalo lipo, nilicheka. Nikajipa moyo kwamba Jumamosi tutatoka darasani pamoja, ni mwendo wa dakika ishirini, nitamwambia njiani, na ikibidi nitashika ngazi kwa mikono yangu miwili. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu niliipima, nikaiona inanitosha.

Jumamosi asubuhi Baba alisema amechoka, haji darasani, atapumzika ili ajiandae kwa kazi ya mchana. Nilimwamini kwa sababu ilinifaa kumwamini. Nikaenda. Nilikuwa nimewapa watu Mnyama wa Wanne, ukumbi mzima unavuma kwa kelele, Bi Maswali akaingia amechelewa, anahema.

"Mwalimu, Babu Herufi yuko kwetu. Yuko juu ya ngazi."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu nilipokuwa nakunywa chai. Mwalimu, hakuna anayeongea."

Nilitoka mbio na kalamu ya kishikwambi bado mkononi. Nakumbuka ngazi za maktaba, nakumbuka mtu aliyesema "taratibu wewe," nakumbuka nilikuwa natukana kwa sauti, najitukana mimi. Bi Maswali alikuwa nyuma yangu, nasikia kandambili zake.

Kwenye kona palikuwa na watu labda kumi na watano, wamesimama upande wa pili wa barabara. Fundi cherehani alikuwa ameshika miguu ya ngazi, uso ameuelekeza chini. Ukuta ulikuwa umepakwa upya, mweupe, na mistari miwili ya chaki imenyooka kwa uzi. Katikati ya mistari hiyo palikuwa na herufi tatu nyekundu. U ilikuwa imeinama. S ilikuwa imevunjika mahali pawili. H ilikuwa na miguu iliyotetemeka toka juu mpaka chini, unaweza kuhesabu kila mtetemo. Baba alikuwa kwenye O. Alikuwa ameianza, akaifuta kwa tambara, akaianza, akaifuta, mpaka pale palipotakiwa kuwa na herufi pakawa na doa jekundu ukubwa wa sahani. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni.

"Mzee, shuka tunywe maji kwanza," fundi cherehani alikuwa akimwambia kwa upole, na nilielewa kwamba amelisema hilo mara nyingi.

"Baba!"

Aligeuka akaniona. Akautazama mkono wake wa kulia, ukiwa hewani na brashi, ukitetemeka mbele ya watu wote. Kisha akanitazama mimi, na kalamu ya kishikwambi niliyoisahau mkononi. Sijawahi kuona uso wa mtu ukijumlisha mambo namna ile.

"Hapa rangi haiji nyuma yangu," alisema. Hakupaza sauti. "Inakuja palepale."

Aliliweka tambara begani, akaichomeka brashi kwenye kopo kwa adabu, kama fundi aliyemaliza siku, akaanza kushuka. Mguu wa kushoto ulishuka. Wa kulia ukatafuta kipandio, ukakikosa, ukatafuta tena. Fundi cherehani alinyoosha mikono. Mpanda ngazi hushuka, Baba alikuwa akiwatania wateja waliomwambia aangalie asianguke. Alianguka kwa ubavu, kwenye ukingo wa baraza, na kopo likamfuata.

Lilikuwa limejaa rangi nyekundu, na kwa muda hatukujua kipi ni rangi.

Nyonga ndiyo iliyovunjika. Walimlaza wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na mlango, na wakasema ni lazima asubiri zamu ya upasuaji, na kwamba kwa mtu mwenye kiharusi kulala chali muda mrefu si jambo jema. Mama alikaa asubuhi, mimi jioni ya mapema, saa ya wageni. Siku nne Baba hakusema nami. Aliniitikia salamu, akageuza uso kwenye ukuta wa kijani. Siku ya tano aliniuliza.

"Kilikuwa kinafanya nini?"

Nikamweleza. Safari hii sikueleza vizuri, nilikatika katikati.

"Kwa hiyo miezi mitatu nilikuwa naisifu kazi ya mashine."

"Mkono ulikuwa wako, Baba. Yenyewe ilikuwa inasaidia tu."

"Watoto walijua?"

Akilini nilimwona Bi Maswali pembeni ya kabati, akitikisa mkono kunionyesha. "Hapana," nikasema. "Hakuna aliyejua."

Nadhani alijua pia kwamba nadanganya, maana aliuliza swali linalofuata kana kwamba sijajibu. "Mlikuwa mnanicheka?"

Nililia pale, wodini, mbele ya wagonjwa wa watu. Nilimwambia hapana, nilimwambia nilitaka arudi, nilimwambia nilimpenda, neno ambalo kwetu hatulisemi hovyo. Aliniacha nilie. Nilipomaliza akaniambia nije na kile kishikwambi, na nikizime hicho kidude.

Kesho yake nilikileta. Nilikifungua mbele yake, nikasukuma kitelezi mpaka sifuri, nikamwonyesha kwamba ni sifuri. Mzee wa kitanda cha pili aliinua shingo kuangalia. Baba aliegemeza kishikwambi kwenye paja la upande usioumia, akashika kalamu, akazungusha O. Ilichukua muda. Ilitoka na mikunjo pande zote, upande mmoja umetoka nje, upande mmoja umeingia ndani, lakini ilifunga. Ilianzia mahali na ikarudi mahali pale pale.

Akaiangalia kama alivyokuwa akiangalia kazi ya mwanafunzi, kichwa kimelala upande mmoja.

"Hii ningeweza kuifanyia kazi," alisema.

Sikumwelewa mara moja.

"Ungenionyesha hii, nisingepanda. Ningemwambia fundi aniletee ubao, nikae chini kwenye kiti, niweke fimbo yangu, niende polepole. Kibao kingechukua wiki mbili badala ya asubuhi moja. Kingekuwa na mkono wa mzee ndani yake, basi. Wapo watu wanapenda hivyo." Akanirudishia kishikwambi. "Mimi nilikuwa nimebakiwa na kitu, mwanangu. Hukuniambia nimebakiwa na nini."

Hayo ndiyo maneno marefu ya mwisho aliyoniambia. Zamu ya upasuaji ilifika siku ya kumi na saba, lakini mapafu yalikuwa yameshajaa maji, na siku ya kumi na tisa asubuhi Mama alinipigia simu na hakuweza kuongea. Sikuhitaji aongee.

Nilikaa mwezi mzima bila kufundisha. Fundi cherehani alikuja msibani, akakaa na Mama, akamshika mkono. Mimi alinisalimia kama mtu wa mbali. Mjukuu wake alikuwa amemsimulia yote. Nilijua kwa sababu Bi Maswali mwenyewe alinifuata uani, pale penye ndoo, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mimi nilinyamaza kama ulivyosema." Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anauliza kama alikosea, na mimi mtu mzima nikashindwa hata kumwambia haraka kwamba kosa si lake. Nilimwambia baadaye, mara nyingi. Sijui kama limeingia.

Siku ya arubaini na kitu nilichukua brashi za Baba, kopo jipya la rangi nyekundu, ile fimbo yenye kitambaa kilicholiwa, nikaenda kwenye kona. Fundi cherehani hakuwa ameupaka ukuta. Herufi tatu zilikuwa palepale, na doa lile. Nikamwambia nataka kummalizia Baba kazi.

"Wewe?" akasema. Halafu akaenda kuleta ngazi, akashika miguu yake.

Nilipanda. Nilikaza fimbo ukutani kama nilivyomwona Baba akifanya utoto wangu wote, nikaegemeza kiganja, nikachovya brashi. Mkono wangu hauumwi na kitu. Nina miaka thelathini na minne, nimechora kila siku kwa miaka kumi na mmoja, watu wananiita mwalimu. Nilianza O kulizunguka doa lile, kutoka juu, upande wa kushoto, na kabla sijafika chini nilijua. Hakukuwa na kitu cha kusubiri nyuma yangu, cha kukisia nilikotaka kwenda. Brashi ilikwenda nilikoipeleka, na nilikoipeleka hakukuwa kwenye duara. Nilizunguka mpaka juu, na ncha mbili hazikukutana.

Nilitazama H ya Baba, pembeni ya mkono wangu. Kwa karibu niliona jambo ambalo watu wa upande wa pili wa barabara hawawezi kuliona: chini ya mitetemo yote, kila mguu ulikuwa umesimama wima kabisa, katikati ya mistari ya chaki, bila kuzidi hata upana wa ukucha.

"Mwalimu," Bi Maswali aliniita kutoka chini, "utaifuta?"

Nikamwambia hapana. Nikashuka, polepole, babu yake akanishika kiwiko kwenye kipandio cha mwisho, kwa sababu yeye ni mtu mwema kuliko mimi.

Hakuweka kibao cha plastiki. Ukuta uko vile vile mpaka leo, herufi tatu za Baba na ya nne yangu, na zilizobaki hakuna aliyeziandika. Mteja mgeni akiuliza ni nani huyo aliyemharibia kibao, fundi cherehani huinuka kwenye kiti chake, akatoka naye nje, akamwonyesha ile ya nne.